Mkono wa Saizi Kumi na Nne

Katika kiwanda kile cha sare kulikuwa na ukuta ambao hakuna aliyeupenda, na hakuna aliyeupita bila kuutupia jicho. Ulikuwa kushoto kwa mlango wa chumba cha kukatia. Ukiharibu kazi, kipande kimoja cha ulichoharibu kilipigiliwa msumari pale, na chini yake likaandikwa jina lako kwa chaki. Si lile la kwenye kitambulisho. Ni lile ambalo wenzako wanakuitia, ili asiwepo wa kusema hakujua ni nani.

Vipande vingi havikukaa. Aliyepigilia ndiye anayeng'oa, hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na msimamizi aliving'oa kila mwisho wa mwezi, akiona mtu ameshaona haya ya kumtosha. Kimoja tu ndicho kilichokaa miaka sita. Kilikuwa mkono wa koti la muuguzi, saizi kumi na nne, mweupe zamani, sasa rangi ya chai ya maziwa. Chini yake paliandikwa: MKASI.

Mkasi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro mbili. Shule aliiacha darasa la tatu, mama yao alipofariki, akabaki na wadogo zake watatu, mmoja akiwa bado wa mgongoni. Namba alizijua vizuri, maana futikamba ilimfundisha. Herufi alizisoma polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini mpe kisu cha umeme na tabaka hamsini za kitambaa, akate akiufuata mstari, na kipande cha juu na cha chini hutavitofautisha. Hilo jina hakupewa kwa utani. Alilipata kwa miaka kumi na tisa ya kusimama.

Ilikuwaje basi? Ilikuwa hivi. Kompyuta ya kiwanda ilichora karatasi ndefu za kukatia. Karatasi ililazwa juu ya kitambaa, na Mkasi alikata. Siku ile alilaza karatasi ya makoti, akakifikia kipande cha mkono wa saizi kumi na nne, akasita. Akamwita msimamizi.

"Huu mkono naona kama umepungua."

"Umepima?"

"Jicho langu limepima."

"Jicho!" Msimamizi alicheka mpaka wenzake wakageuka. "Kompyuta imepima, wewe unaniletea jicho. Kata."

Akakata. Mikono mia tatu ilitoka mifupi, na karatasi ilikuwa imeshachanwa na kutupwa, kama zinavyotupwa zote. Meneja alipouliza, msimamizi alisema maneno matano tu: "Kompyuta haikosei, mtu ndiye hukosea." Kwamba aliulizwa, kwamba alisema kata, hayo hakuyakumbuka. Wanaume wa namna ile wana kumbukumbu ya ajabu. Siku ya harusi yako wanakumbuka ulikula vipande vingapi vya nyama, lakini neno lao wenyewe la asubuhi limewatoka.

Na huyu hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji yake. Alimwoa yule mdogo wa mgongoni. Mdogo mtu alikuja nyumbani jioni moja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni, akasema, "Dada, kubali tu yaishe. Unajua mume wangu anavyobanwa kazini." Mkasi alimtazama shingo, pale alipokuwa akimfunga kitenge utotoni ili asianguke. Hakukubali. Ndiyo maana hayakuisha. Alitolewa kwenye meza ya kukatia, akapelekwa chumba cha nyuma kukata nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo zilizoshonwa, kazi anayopewa mtu siku yake ya kwanza. Wenye ulimi mrefu wakambadilishia jina: Mkono Mfupi. Naye kwa miaka sita alipita mlango ule ameinamisha uso. Mkono wenyewe hakuwahi kuutazama tena.

*

Mwaka wa sita, meneja alimleta mtaalamu wa kompyuta. Kiwanda kilikuwa kimefika pabaya: ukiongeza mfuko kwenye suruali, kola ya shati inaharibika. Ukirekebisha kola, sketi inakataa kuchorwa kabisa. Kila oda mpya ilichukua wiki tatu kabla karatasi ya kwanza haijatoka, na mafundi wa kompyuta waliotangulia walikuwa wanaacha kazi mmoja mmoja, kila mmoja akisema anakwenda kuoa.

Mtaalamu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani mizito na mimba ya miezi sita. Siku ya kwanza aliuliza "kwa nini?" mara nyingi kiasi kwamba kufikia mchana alikuwa ameshabatizwa. Wakamwita Kwanini, naye akaitika.

Kwanini alimwambia msimamizi, "Nataka mtu anisaidie kukagua karatasi. Mkataji mzoefu."

"Wakataji wana kazi," msimamizi akasema. "Mchukue yule wa nyuzi, Mkono Mfupi. Hana kazi ya maana."

Mungu akitaka kukuumbua hakutumii radi, anakupa ulimi wako mwenyewe.

Mkasi aliingia chumba cha kompyuta akiwa na futikamba shingoni, kwa mazoea tu, maana kwenye nyuzi haikuwa na kazi. Chumba kilikuwa kidogo, kina dirisha kubwa la kioo lililotazama uani, mtambo mrefu wa kuchorea, na feni iliyolia kama mtoto mwenye mafua.

"Karibu, mama. Keti. Kazi yenyewe ni hii," Kwanini akasema. "Nasafisha programu, ila sitaki nguo zibadilike hata unywele. Kila nikigusa kitu, nachora karatasi mpya. Wewe unaibandika kwenye dirisha juu ya ile niliyoichora kabla ya kugusa, mwanga upite, unaniambia kama mistari inalingana."

"Sasa unasafisha nini, kama nguo hazibadiliki?"

Kwanini alivua miwani. "Hilo swali wenye digrii hawaniulizi. Njoo uone."

Akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta orodha ya mafaili. Akamsomea: makoti. Makoti mapya. Makoti mapya mwisho. Makoti mwisho kabisa. Makoti mwisho kabisa la kweli.

"Na linalotumika ni lipi?"

"Makoti mapya."

Mkasi akaziba mdomo kwa kiganja. Hakuwa amecheka kazini siku nyingi. "Kwa hiyo hayo mengine?"

"Maiti. Hakuna anayeyatumia, na hakuna anayethubutu kuyazika."

"Nina kabati la hivyo nyumbani," Mkasi akasema. "Nguo za marehemu mume wangu. Kila mwaka nasema nitagawa."

Ndivyo walivyoanza. Asubuhi mpaka saa kumi, karatasi juu ya karatasi, mwanga wa ua ukipita. Mkasi alisimama na vidole vyake kwenye kioo kama daktari anayetazama picha ya mifupa. "Sawa. Sawa. Hapa kwapani umenisogezea." Kwanini alipima kwa mtambo, akakuta imesogea nusu milimita, akarudi kwenye kiti akiguna.

Lakini jambo lililomshika Mkasi halikuwa karatasi. Lilikuwa ule uandishi wa ndani. Siku zote alidhani kompyuta inajua tu, kama jogoo anavyojua alfajiri. Kumbe kulikuwa na watu mle. Kila mstari kuna mtu aliuandika, akiwa ameshiba au ana njaa, akiwa na haraka ya kuondoka. Kwanini alimwonyesha jinsi fundi wa kwanza alivyoandika mkono wa koti mara moja, vizuri, na kila kipimo akakipa jina. Akaja fundi wa pili kuongeza saizi kubwa, kumi na nne kwenda juu. Badala ya kutumia kazi ya mwenzake, akainakili yote pembeni na kuondoa majina. Akabakiza namba tupu.

"Kwa nini alifanya hivyo?" Mkasi akauliza, kisha akajisikia, wakacheka wote wawili.

"Uvivu. Au hofu. Ukinakili, huna haja ya kuelewa."

"Wapo wakataji wa hivyo. Anakata juu ya kipande cha mwenzake badala ya juu ya karatasi. Cha kumi kinakuwa nguo ya mtu mwingine."

Kwanini akakiandika kile alichosema kwenye daftari lake. Mkasi aliuona mkono ule ukiandika maneno yake, akatazama pembeni. Miaka sita hakuna aliyemwandika ila kwa chaki.

*

Wiki ya tatu walikutana na mstari wa ajabu. Ulikuwa chini kabisa ya faili, peke yake. Kwanini aliusoma kwa sauti:

"Ikiwa saizi ni kumi na nne, ongeza ishirini na tano. Halafu kaandika kwa herufi kubwa: USIGUSE."

"Ishirini na tano nini?"

"Milimita. Kwenye ukingo wa mkono wa koti. Kumi na sita hapana, kumi na mbili hapana. Kumi na nne tu." Kwanini alijikuna kichwa kwa kalamu. "Nikiufuta, mkono unakuwa mfupi. Nikiuacha, sielewi. Namba isiyo na jina ni kama mgeni aliyelala sebuleni. Huwezi kumfukuza, hujui kaja kwa nani."

Mkasi alikuwa amesimama dirishani. "Ishirini na tano," alisema polepole. "Hiyo ndiyo iliyopungua kwangu."

"Kwako wapi?"

Akamsimulia, kwa ufupi, bila machozi. Machozi ya kazi ile yalikwisha mwaka wa kwanza. Kwanini alisikiliza mpaka mwisho, kisha hakusema pole. Aliuliza: "Ilikuwa mwezi gani?"

"Wa tatu. Tarehe kumi na moja kilipigiliwa. Siisahau."

Kwanini akageukia kompyuta. Programu ile, akaeleza, ina kumbukumbu: kila badiliko lina siku yake, na aliyelifanya anatakiwa aache neno. Akabonyeza hapa na pale. Kisha akausogeza ule mstari katikati ya kioo na kuweka kidole.

"Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu," akasoma. "Neno aliloacha ni hili: 'Mkono wa kumi na nne umerekebishwa kwa agizo la msimamizi. Asiambiwe mtu.'"

Feni ililia. Uani mtu alikuwa anaburuta marobota.

"Siku tatu," Mkasi akasema.

"Siku tatu, mama."

"Alijua."

Mtu mwingine angetoka pale mbio. Mkasi alivuta kiti. Kujua kwamba alidhulumiwa halikuwa jambo jipya kwake. Alikuwa akilijua kila asubuhi akivaa viatu. Alichokuwa hajui ni *vipi*, na hiyo vipi ilikuwa imemtafuna miaka sita kuliko hata dhuluma yenyewe. "Tuliza mambo," akasema. "Huu mstari ni kiraka. Kiraka kinaniambia kulikuwa na tundu, hakiniambii nani alichana. Tundu lenyewe liko wapi?"

Wakalitafuta. Kwanini akafungua historia ya wiki ile, akakuta badiliko moja kubwa la siku mbili kabla ya makoti kukatwa. Neno lililoachwa: kitambaa kipya. Palipokuwa na thelathini pakawekwa tano. Mara arobaini na moja, kwa mkupuo mmoja.

"Kitambaa kipya," Mkasi akasema. "Nakikumbuka. Cha zamani kilikuwa kikilowa kinarudi sana. Mkono tulikuwa tunauongezea thelathini ili ukifuliwa ubaki sawa. Hiki kipya hakirudi, tano zinatosha."

"Kwa hiyo alikuwa sahihi kubadilisha?"

Mkasi alikuwa ameshika ukingo wa mkono wa gauni lake mwenyewe, anaukunja na kuukunjua. Kisha akasema, "Mwanangu. Pindo la koti la muuguzi ni ngapi?"

"Sijui. Ngapi?"

"Thelathini."

Walitazamana. Kwanini akageuka kwa haraka kiasi kwamba tumbo liligonga meza. Kwenye saizi ndogo, fundi wa kwanza alikuwa ameliita pindo kwa jina lake, na aliyekuja kubadilisha namba hakuligusa. Kumi na sita na kuendelea zilikuwa na kafu, ule ukanda unaoshonewa mwishoni mwa mkono, hazikuwa na pindo. Lakini kumi na nne, ile iliyonakiliwa na kuvuliwa majina, ilikuwa na thelathini mbili zimekaa jirani kama mapacha: moja ya kitambaa kurudi, moja ya pindo. Aliyepita na fagio hakujua ni watu wawili. Alizifagia zote.

"Thelathini kutoa tano," Kwanini akasema.

"Ishirini na tano." Mkasi alisimama. "Nataka kwenda ukutani."

Alipanda kwenye kigoda mwenyewe, Kwanini amekishikilia kwa mikono miwili, na wakataji wote wameacha kazi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita aliutazama ule mkono. Hakuung'oa, sheria ni sheria. Alilaza futikamba juu yake, toka begani hadi kwenye chale ndogo inayoonyesha pindo linapoanzia. Ilikuwa sawasawa kama inavyotakiwa. Kisha toka kwenye chale hadi ukingoni. Alipima mara mbili.

"Tano," alisema kwa sauti. "Ingekuwa nimekata vibaya, ukingo ungekwenda upande, usingebaki tano tupu toka mwanzo hadi mwisho. Ingekuwa nimekunja karatasi, huku juu kungepungua. Ukingo umenyooka, juu pametimia. Karatasi ndiyo iliyochorwa pindo la milimita tano, jamani. Nani anakunja pindo la milimita tano? Sisimizi?"

Mkataji mmoja mzee akacheka, halafu wengine, na hakikuwa kicheko cha kumcheka yeye.

*

Meneja aliitwa. Alisoma ule mstari kwenye kompyuta, akasoma tarehe, akasoma "asiambiwe mtu". Msimamizi aliitwa. Akasoma naye, ingawa ilionekana alikuwa anajua kilichoandikwa.

"Mambo ya zamani hayo, shemeji," alisema. Kazini hakuwahi kumwita shemeji. Kumbe undugu alikuwa nao, ameuweka akiba. "Wakati ule kiwanda kingepoteza oda. Mtu mmoja kubeba ilikuwa nafuu."

"Nafuu kwa nani?" Kwanini akauliza.

Meneja akakohoa, akamwambia Mkasi atarudi kwenye meza ya kukatia Jumatatu, na kwamba ukuta ule utapakwa rangi upya, mambo yaishe.

"Usipakwe," Mkasi akasema. "Aliyepigilia ndiye anayeng'oa. Nimeingoja hiyo sheria miaka sita, msije mkaibadilisha leo."

"Goti langu halipandi," msimamizi akasema.

"Siku ya kupigilia lilipanda."

Kigoda kililetwa. Alipanda. Msumari ulikuwa umeshika kutu, akauvuta kwa koleo akitokwa jasho, na chumba kizima kikimtazama mgongo. Aliposhuka alimpa Mkasi mkono ule wa koti bila kumtazama usoni. Samahani haikutoka. Mkasi alingoja kidogo, mikono wazi, kama ingekuja ikiwa imechelewa. Haikuja. Wapo watu ambao neno hilo haliko kwao; usiwachimbe, hutalikuta. Na mdogo wake hakuja jioni ile wala kesho yake.

Alifuta chaki kwa kiganja, akaupeleka mkono chumba cha kompyuta.

"Utautupa, au utaniachia?" Kwanini akauliza.

"Wewe unautakia nini?"

Kwanini alikuwa ameshauondoa ule mstari wa USIGUSE. Alikuwa amezipa zile zilizokuwa thelathini mbili majina yake, kila moja lake, mahali pamoja tu. Mkasi aliinama akasoma, jiwe kwa jiwe: *ku-ru-di kwa ki-ta-mba-a. Pi-ndo la mko-no.* Zote mbili alizisoma mpaka mwisho.

"Sasa naandika kipimo," Kwanini akasema. "Mlinzi. Kila mtu akigusa programu hii, hata miaka kumi ijayo, hata akiwa na haraka, mlinzi anapima mkono wa kumi na nne toka kwenye chale hadi ukingoni. Isipokuwa thelathini, hakuna karatasi itakayochorwa. Tazama." Akalibadilisha pindo kuwa tano, akabonyeza. Kioo kikawa chekundu, na neno likatokea: *Pindo la mkono limepungua. Usikate.*

Mkasi alilisoma lile neno la mwisho kwa muda mrefu.

"Haribu tena," akasema.

"Nini?"

"Irudishe iwe sawa, halafu uiharibu tena. Nione."

Kwanini akairudisha, kijani. Akaiharibu, nyekundu. *Usikate.* Mkasi aliutandaza ule mkono wa zamani juu ya meza kando ya kibodi, akaunyoosha mikunjo, akauwekea kikombe usipeperushwe na feni.

"Na mtu akigusa kola? Mlinzi anajua?"

"Kola bado sijaiandikia. Lakini mama, wewe Jumatatu si unarudi kwenye meza yako?"

"Meza imeningoja miaka sita, haitakufa kwa wiki mbili." Alivua futikamba shingoni, akavuta kiti karibu. "Kola ya shati, saizi ndogo kabisa. Andika."